Kuisoma nyumba ya kijijini: namna ya kuandika historia ya nyumba na familia iliyokaa humo

Mtu akitaka kuandika historia ya nyumba ya babu yake, swali la kwanza analouliza huwa: ilijengwa mwaka gani? Swali hilo huharibu kazi kabla haijaanza. Nyumba nyingi za vijijini Tanzania Bara hazikujengwa mara moja zikaisha. Zilianza na vyumba viwili vya miti na udongo, zikaongezwa ukumbi, zikabadilishwa nguzo, zikavuliwa nyasi na kuezekwa bati, zikapigwa lipu, na nyingine zikang'olewa milango na mabati zikahamia kitongoji kingine. Mzee akibanwa ataje mwaka, atautaja wowote ili mgeni aridhike, na ukishaandikwa ndio huohuo utakaorudiwa misibani na kwenye vikao vya ukoo hadi wajukuu.

Tafuteni mfuatano kwanza. Kipi kilitangulia, kipi kikafuata, nani alikuwa akilala wapi wakati huo. Mfuatano ukikaa sawa, mwaka mmoja tu wenye uhakika unatosha kuvuta miaka mingine yote mahali pake. Nasisitiza hili kwa sababu kazi nyingi za aina hii zinazokwama hukwama hapa: daftari limejaa miaka inayogombana, na hakuna anayejua chumba cha uani kilikuja kabla ya bati au baada yake.

Kabla ya kupima chochote

Swali kuhusu nyumba ya marehemu ni swali kuhusu mirathi, hata kama aliyeuliza hana nia hiyo. Ukiingia na tepu na daftari bila kueleza, kesho yake watu watasema kuna anayetaka kuuza kiwanja. Anza na mkubwa wa familia aliyepo pale, kisha ndugu waliopo mjini wapigiwe simu mapema. Mwenyekiti wa kitongoji naye apewe taarifa. Elezeni wazi kuwa mchoro mtakaouchora hauonyeshi mipaka ya shamba na hautatumika kwenye baraza la ardhi, kisha mtimize ahadi hiyo: mchoro uishie kwenye kuta, baraza, jiko, choo na uani. Mara tu utakapochora mstari kati ya shamba la huyu na la yule, maelezo yote utakayopewa baada ya hapo yatakuwa ya kujitetea.

Watu wawili wanatosha, watatu ni vizuri zaidi. Vifaa: tepu ya mita 5 kwa ndani, tepu ya mita 30 kwa nje, timazi, daftari la miraba, penseli, tochi yenye mwanga mkali, brashi laini, kisu kidogo, na simu yenye nafasi ya kutosha ya picha na sauti.

Kupima na kuchora

Choreni kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila mita. Nyumba ya mita 9 kwa 7 itakuwa sentimita 18 kwa 14, inaenea kwenye karatasi ya A4 na nafasi ya maelezo inabaki. Pimeni pande zote nne kwa nje, kisha pimeni pembe kwa pembe, mara mbili. Pembe zote zikiwa zimenyooka, nyumba ya 9 kwa 7 hutoa mita 11.40 kila upande. Mkipata 11.65 huku na 11.15 kule, nyumba imepinda, na msilazimishe mchoro uwe mraba. Upindaji wenyewe ni habari, maana mara nyingi hutokea pale kipande kipya kilipounganishwa na cha zamani bila kamba ya fundi.

Ndani, andikeni unene wa kila ukuta. Hapa ndipo kazi inapoanza kulipa. Ukuta wa nguzo, fito na udongo kwa kawaida una kama sentimita 12 hadi 20. Wa tofali mbichi hufika 20 hadi 30 kutegemea fundi alizilaza vipi. Bloku ya saruji ya inchi 6 hutoa ukuta wa sentimita 15, bila kuhesabu unene wa lipu. Lipu laini huficha yote haya machoni, lakini haifichi unene kwenye uwazi wa mlango. Nyumba ambayo vyumba vya mbele vina kuta za sentimita 15 na cha nyuma sentimita 26 imejengwa kwa awamu mbili, hata kama zote zimepakwa rangi moja.

Angalieni pia maungio. Mahali kuta mbili za tofali zinapokutana, tofali zikiwa zimefungamana, moja ikiingia upande huu na nyingine upande ule, kuta hizo zilipanda pamoja. Ukuta mmoja ukiwa umeegemea mwingine tu, na ufa ulionyooka unashuka toka juu hadi chini, ulioegemea ndio uliokuja baadaye. Ufa huo hurudi kila unaposiribwa, kwa sababu misingi miwili tofauti hutitia tofauti. Watu huuita ubovu wa fundi, lakini kwa anayeandika historia ni mstari unaotenganisha vizazi viwili.

Kitu kinachowapotosha wengi ni nguzo. Katika nyumba ya miti, nguzo huoza na kuliwa na mchwa usawa wa ardhi, pale unyevu na hewa vinapokutana, huku sehemu ya juu ikibaki nzima. Kwa hiyo hubadilishwa moja moja, na udongo hukandikwa upya juu yake. Baada ya miaka mingi nyumba inaweza kuwa palepale, kwa umbo lilelile, na isibaki nguzo hata moja ya mwanzo. Umri wa mti ulio ukutani si umri wa nyumba. Waulizeni waliobadilisha, na mahali nguzo mpya ilipoingia wekeni alama kwenye mchoro.

Tabaka za ukuta

Tafuteni mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati, muombe ruhusa ya kuchokonoa eneo la sentimita 5 kwa 5. Kwa kisu, ondoeni tabaka la juu kwenye eneo lote isipokuwa ukingo wa nusu sentimita upande mmoja, kisha la pili mkiacha ukingo mwingine, hivyo hivyo hadi mfike kwenye udongo wa kwanza. Mtapata ngazi ndogo inayoonyesha kila tabaka: labda udongo mwekundu wa kukandika, udongo laini wa kusiriba, chokaa, rangi ya kijani, rangi ya maziwa, lipu ya saruji. Piga picha na rula ikiwa pembeni. Rudieni katika kila chumba. Chumba chenye tabaka tatu pungufu kuliko vingine kilijengwa baadaye, au kilikuwa stoo ambayo hakuna aliyejali kuipendezesha. Mashahidi wazuri wa tabaka hizi ni akina mama, kwa kuwa kusiriba katika vijiji vingi kumekuwa mikononi mwao, na wanakumbuka udongo ulichimbwa bonde gani na nani aliubeba.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ni sura ya pekee katika nyumba hizi. Udongo hunywa maji na kuyatoa, hutanuka na kusinyaa, na saruji ni ngumu, haifuati. Unyevu unaopanda toka chini hunaswa nyuma ya lipu, udongo unalegea, na siku moja kipande cha mita nzima hudondoka. Kikidondoka, msikimbilie kuziba. Hiyo ndiyo nafasi ya kuona fito, kamba zilizotumika kufunga, na alama za vidole vya waliokandika.

Saruji yenyewe inasaidia kupata mipaka ya miaka. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilitoka nje ya nchi, na kijijini ilionekana zaidi misheni, shuleni na kwenye duka kubwa kuliko kwenye nyumba ya mkulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika sana, saruji ikiwemo, kwa hiyo mtu anayedai alimwaga sakafu ya saruji ya nyumba nzima mwaka 1983 anahitaji swali la pili: mifuko aliipata wapi? Pengine jibu lake ni zuri kuliko tarehe. Alikuwa na ndugu kwenye mradi, au alibadilishana na mazao.

Katika nyumba nyingi fundi au mwenye nyumba aliandika tarehe kwa kidole au kwa msumari saruji ikiwa mbichi, kwenye ngazi ya mlangoni au ukingo wa baraza. Mwagieni maji kidogo, mmulike kwa tochi iliyolazwa karibu na sakafu, na herufi zitajitokeza zenye kivuli. Soma kwa tahadhari: "12-7-86" ni siku ya sakafu ile, si ya nyumba. Na herufi mbili zilizo pembeni zinaweza kuwa za fundi.

Paa

Paa ndilo lenye maneno mengi, na ndilo watu wanaloliruka kwa sababu ni giza na vumbi. Pandeni na tochi. Miti ya paa iliyojaa masizi juu ya chumba kinacholala watu leo mara nyingi ina maana moja: hapo palikuwa na moto wa kupikia, jikoni kukahamia nje baadaye. Chimbueni kidogo sakafu ya udongo kama ipo, mtakuta udongo ulioungua hadi kuwa mwekundu pale mafiga yalipokaa. Jikoni kuhama ndani kwenda nje mara nyingi kumefuata bati au kumefuata mke wa pili. Ulizeni yote mawili.

Kisha angalieni mabati. Bati lililopigiliwa mara moja lina mistari ya matundu inayolingana na mapau yaliyo chini yake. Mkiona matundu mengine, yamezibwa kwa lami au kipande cha mpira, yamekaa mahali pasipo na pau, bati hilo lilishawahi kuezeka nyumba nyingine. Pimeni umbali kati ya mistari ya matundu ya zamani: kama ni sentimita 90 na mapau ya sasa yako kila sentimita 75, paa la mwanzo lilikuwa na mpangilio tofauti. Angalieni pia unene. Bati la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Paa lenye geji mbili au tatu limeezekwa kwa awamu au kwa mabati yaliyotoka sehemu mbalimbali. Mabati ya zamani mara nyingi ni mazito, na muhuri wa kiwanda huonekana upande wa ndani ambako mvua haikufika. Mkikuta bati lililotengenezwa kwa kupasua na kunyoosha madebe ya mafuta ya taa, lipigeni picha kila upande, kwa sababu likitolewa huuzwa kama chuma chakavu.

Mlango

Mlango ndicho kitu kinachosafiri zaidi. Familia inapohama huacha kuta na kubeba mlango, kwa sababu mbao nzuri ya mninga au mvule ni mali. Dalili za mlango mgeni ni hizi: umekatwa chini na msumeno usiolingana na kazi ya fundi wa kwanza, fremu imejazwa vipande vya mbao pembeni ili ienee, matundu ya bawaba za zamani yamezibwa upande wa pili, komeo liko kushoto na alama yake iliyochakaa iko kulia. Pima mlango, pima uwazi wa ukuta, andika tofauti. Halafu muulize mwenye nyumba, "Mlango huu mliukuta wapi?" Haulizwi mara nyingi swali hilo, nanyi mtaona jinsi linavyofungua mazungumzo kuliko swali lolote la mwaka.

Mahali nyumba ilipo

Kwa sehemu kubwa ya Tanzania Bara, mwaka wa nyumba kuwapo pale ilipo leo unafungwa na tukio moja. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia kwenye vijiji vilivyopangwa. Kulikuwa na operesheni za kuhamisha watu zilizotangulia: Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mafuriko, Dodoma mwaka 1971, Kigoma mwaka 1972. Kwenye migomba ya Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, ambako watu walikuwa tayari wamesongamana, wengi hawakuhamishwa. Kwingineko, nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara kwa viwanja vinavyolingana kwa kawaida hazina umri mrefu kuliko operesheni, hata kama mlango na mabati yake ni ya mwaka 1955.

Ndiyo maana historia ya nyumba lazima iwe na sura ya mahame, pale familia ilipotoka. Nendeni na mtu aliyezaliwa kule. Mahame hutambulika kwa miti iliyopandwa na watu: miembe, minyaa ya ua iliyogeuka kuwa miti mikubwa, mkonge, na kwa pwani minazi. Tafuteni kichuguu kidogo cha mstatili pale kuta zilipoyeyuka, mawe ya kusagia, vipande vya vyungu, makaburi. Msichimbe. Pigeni picha, mchukue alama ya mahali kwa simu, mpime umbo la kichuguu kwa hatua. Mkiweza kulinganisha vipimo vyake na vya nyumba mpya, wakati mwingine mtakuta baba alijenga upya nyumba ileile, chumba kwa chumba, kilomita kadhaa mbali.

Mnazi unaweza kutoa umri wa kukadiria. Hutoa kuti moja karibu kila mwezi, 12 hadi 14 kwa mwaka, na kila kuti likidondoka huacha alama ya pete kwenye shina. Pete 360 ni kama miaka 28, ongeza miaka minne au mitano ya mwanzo kabla shina halijaonekana. Ukame hupunguza makuti, kwa hiyo chukueni jibu hilo kama kadirio la miaka mitano huku na huku. Mwembe hauna hesabu kama hiyo. Unene wake hutegemea maji na udongo kuliko umri.

Watu na miaka

Mhojini kila mtu peke yake kwanza, kisha mkiwa mnatembea naye ndani ya nyumba. Dakika 45 zinatosha kwa mkao mmoja, zaidi ya hapo mzee anachoka na kuanza kukubali kila analoambiwa. Simu ya kurekodia iwekwe juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, na mbali na bati siku ya upepo au mvua. Kila faili lipewe jina la msemaji na tarehe siku hiyohiyo.

Aliye shahidi bora wa nyumba mara nyingi si mtoto aliyezaliwa humo. Ni mwanamke aliyeolewa humo. Mtoto anakumbuka nyumba kama ilivyokuwa siku zote. Bi harusi alifika siku moja anayoijua, akakagua kila kitu kwa jicho la mgeni, na anaweza kukuambia: nilikuta vyumba viwili, nyasi, jiko ndani, mama mkwe analala upande huu. Mwulizeni, "Ulipokuja, bibi, ulikuta nini? Kipi hakikuwepo?" Kisha waulizeni wake wenza, kila mmoja kwa wakati wake. Majibu yao yakipangwa kwa mfuatano wa ndoa zao yanakuwa picha tatu au nne za nyumba ileile.

Mitego ya majina ya undugu ipo mingi. Mtu akisema "baba alijenga", anaweza kuwa anamaanisha baba mkubwa au baba mdogo. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo. Tena watoto hupewa majina ya babu na bibi, kwa hiyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi, na matendo ya wawili hugeuka ya mmoja. Kila jina liandikwe na mama yake na nafasi yake ya kuzaliwa: wa tatu wa mke mkubwa. Kuna majina yanayosaidia: Masika, Tabu, Shida, Mashaka. Ulizeni tabu ipi.

Msisahau wasioonekana kwenye kuta: mabinti walioolewa mbali, wapangaji, vijana wa kazi, watoto waliofariki wachanga. Hao wa mwisho waulizwe kwa upole, kwa mama mwenyewe na si mbele ya watu. Chumba kilichoongezwa kisha kikaachwa bila kukaliwa mara nyingi kina jina la mtu.

Miaka sasa. Andaeni kalenda ya ukurasa mmoja kabla ya mahojiano. Ya taifa: Uhuru, 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha, 5 Februari 1967, shilingi ya Tanzania kuanza kutumika, 1966, vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, mvua za El Niño, 1997 hadi 1998, kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999. Na sensa: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Kisha jazeni ya kijiji: shule ilifunguliwa lini, daraja lilisombwa lini, padri au shehe yupi alikuwepo. Kwa Wamaasai, marika kama Nyangusi, Seuri, Makaa na Landis hufanya kazi hii vizuri kuliko kalenda yoyote.

Swali lisiwe "mwaka gani?" Liwe "mtoto gani alikuwa mgongoni?" Mtoto mwenye cheti cha kliniki au cha ubatizo ni msumari wa kupigilia mfuatano wote. Kama alikuwa anang'oa meno ya mbele bati lilipoezekwa, alikuwa na miaka sita au saba. Jihadharini na umri unaoishia na sifuri au tano. Mzee wa "miaka 90" anaweza kuwa na 84 au 95, na msalaba ulioandikwa "1900" kwa kawaida uliandikwa na mtu aliyekadiria.

Karatasi

Fungueni masanduku kabla ya kwenda ofisi yoyote. Stakabadhi za kodi ya kichwa, na za kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, kadi za TANU, na za CCM baada ya 5 Februari 1977, vitabu vya chama cha ushirika, barua, picha zilizopigwa mbele ya nyumba. Picha moja ya harusi inayoonyesha paa la nyasi nyuma ya bi harusi ina thamani kuliko mahojiano matatu. Tazameni nyuma yake, kuna muhuri wa studio au tarehe.

Nje ya nyumba kuna daftari za ubatizo na ndoa za parokia, rejesta za shule, muhtasari wa vikao vya mirathi, na majalada ya Mahakama ya Mwanzo. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hutaja mwenye ardhi wa sasa na haisemi lolote kuhusu aliyejenga. Kwa habari za zamani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, vyenye habari za koo, watemi na vijiji. Ulizeni utaratibu wa kibali kabla ya kusafiri. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, lakini msitegemee kukuta nyumba ya babu kwa jina. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 huonyesha nyumba kwa nukta, na mwaka wa picha za anga zilizotumika umeandikwa pembezoni. Kwa miaka ya karibuni, picha za satelaiti zenye tarehe huonyesha ni kati ya tarehe zipi paa la kahawia liligeuka jeupe.

Sarafu zikiokotwa sakafuni au chini ya kizingiti, kumbukeni kanuni moja: sarafu inasema "si kabla ya hapa", haisemi "ni hapa". Heller ya Wajerumani ilianza kutolewa 1904. Senti kumi yenye tundu ni ya enzi ya bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki. Senti 50 yenye sungura ilianza 1966. Sarafu ya 1966 iliyonaswa ndani ya udongo wa ukuta, si juu yake, inathibitisha ukuta ulikandikwa mwaka huo au baada yake, iwe miezi miwili au miaka ishirini.

Kuunganisha, na pale visipolingana

Gawanyeni ukurasa sehemu tatu: kilichoonekana, kilichosemwa, kilichoandikwa. Kila taarifa ikae sehemu yake na namba yake. Tuseme vyumba viwili vya mbele vina kuta za sentimita 15, cha nyuma ni tofali mbichi. Bibi anasema alikuta viwili tu, na kwamba cha nyuma alijengewa mke mwenza baada ya mtoto wake wa pili kuzaliwa. Cheti cha kliniki cha mtoto huyo kinasema 1979. Kwenye baraza kuna 1986, na sakafu ya saruji inapita toka baraza, ukumbi, hadi ndani ya chumba cha nyuma bila mshono kwenye kizingiti. Basi chumba kilikuwepo sakafu ilipomwagwa: kilijengwa kati ya 1979 na 1986. Kaka mkubwa akidai kilijengwa 1990 kwa fedha zake, mnarudi kutazama mshono. Kama haupo, yawezekana alichogharamia mwaka huo ni paa, na matundu ya bati yatasema.

Visipolingana kabisa, andikeni vyote viwili na majina ya waliosema, kama wameridhia. Msichague upande kwa sababu ni wa mkubwa. Maelezo mawili ya chumba kimoja mara nyingi yanaonyesha nani alijiona ana haki nacho, na hilo ni sehemu ya historia ya familia kama ukuta wenyewe ulivyo.

Andiko likikamilika, lisomeni kwa sauti mbele ya familia kabla ya kulichapa, na mrekodi masahihisho. Kabla ya kuliweka mtandaoni ondoeni namba za vitambulisho, magonjwa, na habari za walio hai wasioridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda. Chapeni nakala nne: ya nyumba, ya ndugu aliye mji mwingine, ya ofisi ya kijiji, ya maktaba ya shule. Karatasi za zamani zirudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha, bila kubandikwa gundi wala kufunikwa kwa plastiki ya moto, na sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa usilifikie. Sauti zinakiliwe kwenye vifaa viwili tofauti juma hilohilo.